Kuhamisha Ramani ya Asasi kutoka Programu Moja hadi Nyingine

Msimu wa alizeti ufikapo, magari ya wanunuzi huonekana katika vijiji vya Wilaya ya Ikungi, Mkoa wa Singida, kandokando ya barabara kuu itokayo Manyoni. Mnunuzi anapolipa ushuru wa mazao, mkusanyaji hubonyeza mashine ndogo ya POS na stakabadhi hutoka. Tendo hilo huchukua dakika chache tu. Lakini nyuma ya karatasi hiyo ndogo pana mlolongo mrefu: mashine imeunganishwa na mtandao, mtandao umeunganishwa na mfumo wa mapato, mfumo wa mapato hupeleka taarifa kwa mfumo wa hesabu, na kutokana na hesabu hizo fedha hupangiwa kazi. Kiungo kimoja kikikatika, athari yake yaweza kuonekana mahali ambapo hakuna aliyepatarajia.

Ni nani aujuaye mlolongo huo wote? Mkusanyaji ajua mashine yake, mhasibu ajua hesabu zake, na mtaalamu wa kompyuta ajua mitambo yake. Ili pawepo picha moja inayowaunganisha wote, hapana budi kuchora ramani. Kazi ya kuchora na kutunza ramani ya namna hiyo huitwa usanifu wa asasi. Makala haya yanaeleza zana zinazotumika katika kazi hiyo, na hasa jambo gumu linalozikabili asasi nyingi: namna ya kuhama kutoka zana moja hadi nyingine bila kupoteza maarifa yaliyokusanywa kwa miaka.

USANIFU WA ASASI NI NINI?

Mjenzi wa nyumba huwa na michoro inayoonyesha msingi, kuta, mabomba ya maji na nyaya za umeme. Anayetaka kutoboa ukuta huitazama kwanza michoro hiyo asije akakata waya. Usanifu wa asasi ni michoro ya aina hiyo, isipokuwa kinachochorwa si nyumba bali ni shirika, kiwanda, hospitali au halmashauri. Kwa kawaida mambo hupangwa katika tabaka tatu. Tabaka la juu ni shughuli, yaani kazi ambazo asasi huzifanya kwa ajili ya watu. Tabaka la kati ni programu za kompyuta na taarifa zinazotumika katika shughuli hizo. Tabaka la chini ni vyombo: mashine, seva na njia za mawasiliano.

Fikra hii ilipata umaarufu mwaka 1987, pale John Zachman, aliyekuwa mtumishi wa kampuni ya IBM huko Marekani, alipochapisha makala kuhusu namna ya kuyapanga maelezo ya mifumo ya asasi. Mwaka 1995 lilitoka toleo la kwanza la mwongozo uitwao TOGAF, ambao hivi leo hutumika katika nchi nyingi. Nchini Tanzania, Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 iliunda Mamlaka ya Serikali Mtandao, ambayo imetoa viwango na miongozo ya kusanifu mifumo ya taasisi za umma.

Sababu ya kuwa na ramani ni kwamba mifumo hubadilika. Mwanzoni mwa miaka ya 2020 halmashauri za Tanzania Bara zilishuhudia mfumo wa hesabu wa Epicor ukiupisha mfumo wa MUSE, na mfumo wa mapato wa LGRCIS ukiupisha ule wa TAUSI. Kila badiliko la aina hiyo huleta swali lile lile: je, kiking'olewa hiki, ni nini kingine kitakachotikisika?

ZANA ZA KUCHORA NA KUTUNZA RAMANI

Asasi ndogo yaweza kuchora ramani yake ubaoni. Asasi yenye mifumo 30 haiwezi, kwa maana mistari ingejaa ubao mzima na kila badiliko lingetaka kufuta na kuchora upya. Ndiyo maana zikatengenezwa programu maalumu. Archi, iliyotoka Uingereza mwaka 2010, hutolewa bure; Enterprise Architect ya kampuni ya Sparx Systems ya Australia huuzwa; na LeanIX, iliyoanzishwa Ujerumani mwaka 2012, hutumika kwa njia ya intaneti.

Yafaa msomaji aelewe tofauti kubwa iliyopo kati ya programu hizi na programu ya kuchorea picha tu. Katika picha ya kawaida, mstari ni wino. Katika zana ya usanifu, mstari ni habari iliyotunzwa: kutoka kitu gani, kwenda kitu gani, na kwa uhusiano wa aina gani. Kwa sababu hiyo, ramani yaweza kuulizwa maswali, nayo ikajibu. Mchoro uonekanao kwenye kioo ni dirisha tu. Mali yenyewe imo katika ghala la maelezo lililo nyuma ya dirisha hilo.

KWA NINI ASASI HUHAMA?

Zipo sababu tatu zijitokezazo mara kwa mara. Ya kwanza ni gharama: leseni hupanda bei, au asasi hukua na kuhitaji watumiaji wengi zaidi. Ya pili ni mahitaji: zana iliyofaa kwa mchoraji mmoja huenda isifae wachoraji 20 walio katika miji mbalimbali. Ya tatu ni kubadilika kwa watengenezaji wenyewe. Zana iitwayo System Architect ilitengenezwa na kampuni ya Popkin ya Marekani. Mwaka 2005 kampuni hiyo ilinunuliwa na Telelogic ya Sweden. Mwaka 2008 Telelogic ikanunuliwa na IBM. Hatimaye zana ikahamia kwa kampuni ya UNICOM. LeanIX nayo ilinunuliwa na SAP mwaka 2023. Asasi iliyoanza na muuzaji mmoja yaweza kujikuta mikononi mwa mwingine bila kuomba.

Historia ya Tanzania yatoa fundisho lililo karibu zaidi. Kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500, iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kampuni ya Kiingereza iliyoiuza ilipoteza jina lake mwaka 1968 ilipoungana na nyingine na kuwa ICL. Na jina la ICL nalo lilitoweka mwaka 2002, kazi zake zikawa za Fujitsu ya Japani. Mwaka 1974, baada ya matatizo makubwa katika matumizi ya mitambo hiyo kwa hesabu za Serikali, uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku, na haukulegezwa hadi miaka iliyofuata. Watengenezaji walipita, mitambo ikachakaa, lakini nchi ilibaki na wajibu wa kutunza hesabu zake. Mwenye maarifa asiyafungie katika chombo cha mtu mwingine pasipo kuwa na njia ya kuyatoa.

KILA ZANA INA SARUFI YAKE

Ugumu wa kuhama haumo katika kunakili majina ya vitu. Umo katika maana. Kila zana ina sarufi yake, yaani kanuni zinazosema ni aina gani za vitu zinazotambuliwa na ni uhusiano upi unaoruhusiwa kati yake. Sarufi mbili hazilingani kamwe neno kwa neno.

Mfano mzuri upo katika majina ya ukoo. Mtoto wa Ikungi humtofautisha baba mkubwa, baba mdogo na mjomba. Kiingereza huwaita wote watatu kwa neno moja, uncle. Barua iliyotaja mjomba ikitafsiriwa kwa Kiingereza, kisha mtu mwingine akairudisha katika Kiswahili bila kuiona barua ya kwanza, atajuaje kwamba aliyetajwa ni ndugu wa mama wala si ndugu wa baba? Hana njia. Vitu vitatu vilivyotiwa katika chungu kimoja havitenganishwi tena kwa kukitazama chungu.

Jambo hilo hilo hutukia katika zana. Ikiwa zana ya zamani hutofautisha "hutumikia", "hupeleka taarifa kwa" na "husoma", na zana mpya inajua "unahusiana na" peke yake, basi tofauti zote tatu zitamezwa. Mistari itaonekana ipo, lakini haisemi tena ilichokuwa ikisema.

Ili kupunguza ugumu huo, zilitungwa lugha za pamoja. Inayojulikana zaidi ni ArchiMate, iliyobuniwa Uholanzi kati ya mwaka 2002 na 2004, na baadaye kukabidhiwa shirika la The Open Group. Toleo lake la 3, la mwaka 2016, liliorodhesha aina 11 za uhusiano. Mwaka 2015 shirika hilo lilitoa pia umbo maalumu la faili la kubadilishana ramani kati ya zana mbalimbali, lililoandikwa kwa kanuni za XML.

Faida ya lugha ya pamoja yaweza kuhesabiwa. Zikiwapo zana 6, na kila moja ikitaka mkalimani wake wa kwenda kwa kila nyingine, watahitajika wakalimani 6 × 5 = 30. Lakini kila zana ikijifunza kuandika na kusoma lugha moja ya pamoja, watahitajika 6 × 2 = 12 tu. Ndivyo ilivyo pia mnadani: Mnyaturu, Mnyiramba, Mgogo na Msukuma hawahitaji kujifunza lugha zote nne, kwa kuwa Kiswahili huwakutanisha. Hata hivyo, kama ambavyo baadhi ya maneno ya Kinyaturu hayana mwenzi katika Kiswahili, faili la kubadilishana nalo halibebi kila kitu. Hubeba vitu, uhusiano, sifa zake na michoro. Halibebi historia ya mabadiliko wala haki za watumiaji zilizowekwa na zana ya zamani.

MFANO WA DARASANI

Uchukuliwe mfano mdogo uliotungwa kwa ajili ya somo hili, katika halmashauri inayofanana na ya Ikungi. Ramani yake ina vitu 9:

001 Kukusanya ushuru wa alizeti (shughuli)
002 Kuagiza dawa za zahanati (shughuli)
003 Mfumo wa mapato (programu)
004 Mfumo wa hesabu (programu)
005 Orodha ya dawa (programu)
006 Orodha ya dawa (daftari la karatasi)
007 Mashine ya POS (chombo)
008 Seva ya halmashauri (chombo)
009 Mtandao wa mawasiliano (chombo)

Uhusiano uliopo ni 10:

003 hutumikia 001
004 hutumikia 002
005 hutumikia 002
002 husoma 006
003 hupeleka taarifa kwa 004
007 hutumikia 003
008 hutumikia 003
008 hutumikia 005
009 hutumikia 007
009 hutumikia 008

Mtaalamu aihamisha ramani hii kwenda zana mpya. Kwa haraka, avioanisha vitu kwa majina yake badala ya namba. Programu 005 na daftari 006 vina jina moja. Zana mpya yavidhania kuwa kitu kimoja, nayo yachukua daftari. Hapo mambo matatu yatokea kimya kimya. Uhusiano wa "008 hutumikia 005" wakataliwa, kwa sababu sarufi hairuhusu seva kutumikia daftari la karatasi. Uhusiano wa "005 hutumikia 002" wafutwa, kwa kuwa sasa waonekana ni marudio ya ule wa kusoma daftari. Tena, zana mpya haina neno la "hupeleka taarifa kwa", hivyo yaandika kwamba 003 "unahusiana na" 004.

Mchoro mpya wavutia. Rangi ni nzuri, mistari imenyooka, na mkuu wa idara aridhika. Baada ya miezi michache seva 008 yahitaji matengenezo ya siku mbili. Mtaalamu aiuliza ramani: ni nini kinachoitegemea seva hii? Zana yajibu: mfumo wa mapato na ukusanyaji wa ushuru. Kwa kuwa msimu wa alizeti umekwisha, yaamuliwa kwamba hapana madhara, na seva yazimwa.

Asubuhi ya siku hiyo mganga mfawidhi wa zahanati afungua kompyuta ili atayarishe maombi ya kupeleka Bohari ya Dawa. Orodha haifunguki. Ramani ya zamani ingetaja vitu vitano vinavyoitegemea seva: 003, 005, 001, 002, na 004 kwa njia ya taarifa zinazopelekwa. Ramani mpya ilitaja viwili. Hakuna aliyesema uongo. Ukweli ulidondoka njiani wakati wa kuhama, na aliyelipa gharama ni mgonjwa aliyengoja dawa.

VIPIMO VITATU

Makosa haya yangeweza kugunduliwa siku ile ile ya kuhama kwa vipimo vitatu.

Kipimo cha kwanza ni hesabu ya jumla. Vitu vilikuwa 9, vimefika 8. Uhusiano ulikuwa 10, umefika 8. Mchungaji huwahesabu ng'ombe jioni wanaporudi zizini. Haridhiki kwa kuona zizi limejaa.

Kipimo cha pili ni hesabu kwa aina. Kabla ya kuhama, "hutumikia" ni 8, "hupeleka taarifa kwa" ni 1 na "husoma" ni 1. Baada ya kuhama, "hutumikia" ni 6, "hupeleka taarifa kwa" ni 0, "husoma" ni 1, na pamezuka "unahusiana na" 1. Kipimo hiki hufichua kile ambacho jumla haiwezi kufichua, yaani uhusiano uliofika ukiwa umenyang'anywa maana yake.

Kipimo cha tatu ni maswali yale yale. Kabla ya kuhama, yaandikwe maswali matano au kumi ambayo asasi huyategemea katika kazi zake, pamoja na majibu yatolewayo na zana ya zamani. Baada ya kuhama, zana mpya iulizwe maswali hayo. Jibu likitofautiana, kazi haijakwisha.

HATUA ZA KUHAMA

Kutokana na hayo, mpango mwema wa kuhama hufuata hatua zifuatazo.

Kwanza, kusafisha. Vitu vilivyokufa, majina yaliyorudiwa na michoro ya majaribio viondolewe kabla ya safari. Mwenye kuhama nyumba habebi takataka.

Pili, kila kitu kipewe namba ya utambulisho isiyobadilika, na vitu vioanishwe kwa namba hiyo, kamwe si kwa jina. Hapa pana mitego miwili. Programu za majedwali hupenda kuondoa sifuri za mwanzo, 007 ikawa 7. Na kanuni za XML haziruhusu kitambulisho kuanza na tarakimu. Kwa hiyo ni bora namba itanguliwe na herufi, kwa mfano K007.

Tatu, kuandika jedwali la tafsiri: safu ya kushoto iwe na maneno ya sarufi ya zamani, safu ya kulia ya sarufi mpya. Popote maneno mawili ya kushoto yanapoangukia neno moja la kulia, patiwe alama nyekundu. Tofauti inayopotea ihifadhiwe kama sifa ya ziada ya kitu au ya uhusiano husika.

Nne, kujaribu kwa sehemu ndogo, mathalani idara moja, na kuipitisha katika vipimo vyote vitatu.

Tano, kuhamisha yote, huku zana ya zamani ikiachwa kwa kusomwa tu kwa muda uliokubaliwa. Wachoraji wasiruhusiwe kuandika katika zana zote mbili, maana patatokea ramani mbili zinazobishana.

Sita, kutunza nakala ya ramani katika umbo lililo wazi, linaloweza kusomwa bila leseni ya mtu yeyote. Archi, kwa mfano, huweza kuitoa ramani katika majedwali matatu ya CSV: la vitu, la uhusiano na la sifa. Majedwali hayo hayana michoro, lakini michoro yaweza kuchorwa upya. Uhusiano uliosahauliwa hauchoreki.

Hatua hizi hazihitaji mitambo ya gharama. Zahitaji subira, na mtu aliye tayari kuhesabu.

MUHTASARI

Zana ya usanifu wa asasi ni chombo cha kuhifadhia maarifa, wala si maarifa yenyewe. Vyombo vitabadilika, kwa kuwa bei hupanda, mahitaji hukua na kampuni huuzwa. Kinachopaswa kuvuka salama ni vitu, utambulisho wake, na juu ya yote uhusiano ulio kati yake. Uzuri wa mchoro si ushahidi kwamba safari imekwenda vyema. Ushahidi ni hesabu zinazolingana, na maswali ya zamani yanayopata majibu yale yale.

MAZOEZI

1. Zikiwapo zana 10, ni wakalimani wangapi watakaohitajika bila lugha ya pamoja, na wangapi kukiwa na lugha ya pamoja? Andika kanuni ya jumla kwa zana n.

2. Katika mfano wa darasani, ni vitu vingapi vinavyoutegemea mtandao 009, moja kwa moja au kwa kupitia vingine, kabla ya kuhama? Ni vingapi ambavyo ramani mpya yaweza kuvitaja?

3. Wanafunzi wachore ramani ya shule yao wakitumia shughuli tatu, madaftari au programu tatu, na vyombo vitatu. Kila kundi litoe orodha ya uhusiano, bila mchoro, kwa kundi jingine lichore upya. Michoro miwili ilinganishwe kwa vipimo vitatu vilivyoelezwa.

Majibu: (1) 90 na 20, kanuni ni n(n − 1) na 2n. (2) Kabla ya kuhama ni vitu 7, yaani vyote isipokuwa 006 na 009 yenyewe. Katika ramani mpya ni 4, yaani 007, 008, 003 na 001, kwa kuwa "unahusiana na" hausemi nani anamtegemea nani.